Kitambaa cha Maua

Jumanne nilikuwa nakunywa supu kwenye mgahawa mmoja wa Msamvu, akaingia mkaguzi wa umeme. Akamwamkia mama mwenye mgahawa, akauliza swichi kubwa iko wapi. Mama akanyoosha mwiko kuelekea kitambaa cha kufuma, cha maua, kilichoning'inia ukutani juu ya kichwa changu. Mkaguzi akakifunua kwa vidole viwili.

“Mama, hii swichi inatoa cheche.”

“Najua, mwanangu. Ndiyo maana nikaifunika. Wateja walikuwa wanaogopa.”

Mkaguzi akazima umeme wa mgahawa mzima, akaagiza usiwashwe mpaka fundi aje. Nilitaka kumcheka mama, lakini meza ile naikalia mwaka wa pili sasa, kwa kukipenda kile kitambaa. Kona yake iliyoungua nilishaiona siku nyingi. Nilidhani ni pasi.