Siku Niliyomkanyaga Askari Mlangoni mwa Ndege

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyotoka Nairobi kwa ndege nikiwa na gurbaba ya dada yangu mapajani. Gurbaba ni nguo ya kujifunga ya sisi Wanubi, hutariziwa kwa mkono, na shangazi yetu wa Kibera alikuwa ameimaliza asubuhi ileile. Harusi ilikuwa Kibuli, ng'ambo ya mpaka, alasiri hiyohiyo. Kwetu bibi harusi hatoki chumbani bila gurbaba, hata wageni wakijaa mpaka barabarani. Ndiyo maana sikupanda basi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, maneno mengi, subira hakuna.

Tulipotua Entebbe rubani alitangaza kwamba chini yetu, kwenye mizigo, kulikuwa na jeneza la askari wetu aliyefia ugenini. Mwenzake aliyemsindikiza angeshuka kwanza. Sisi wengine tuliombwa tukae. Nilisikia vizuri, nisikudanganye. Nikasema moyoni: marehemu hana haraka, mimi ninayo. Nikafungua mkanda, nikasimama.

Nikapenya katikati ya viti, huyu nikimpiga kiwiko, yule nikimwomba samahani. Karibu na mlango nikamkanyaga mtu kiatu. Kugeuka, ni kijana wa rika langu, amevaa magwanda, kofia kaishika mkononi, macho mekundu. Akajibana pembeni.

"Pita tu, dada," akasema.

Mwanangu, angenitukana ningemjibu, maana kujibu nilikujua sana. Lakini aliniachia njia, yeye aliyekuwa anakwenda kumpokea rafiki yake. Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Kiti cha mbele alikaa mzee mmoja, polisi mstaafu wa Naguru kama alivyonieleza baadaye. Akanigusa mkono taratibu.

"Nyabo, rudi kaa. Huyu soja anaenda simama na mwenzake. Wewe hapana tangulia yeye."

"Mzee, harusi inaningoja."

"Harusi itangoja. Huko chini iko mama ya ule amekufa, soja ameniambia. Yeye amengoja mwaka muzima."

Nikarudi kwenye kiti changu, abiria wote wakinitazama, nami nikilikumbatia lile furushi la nguo. Kijana akashuka. Kupitia dirishani nililiona jeneza likiteremshwa, bendera juu yake, na yeye akipiga saluti. Mama mmoja aliyevaa gomesi, lile gauni refu la mkanda, akasogea, akaweka kiganja juu ya bendera, akakiacha hapo. Mzee wa Naguru alisimama wima, kichwa karibu kiguse dari. Mmoja mmoja tukasimama sote. Nililia, na nilishangaa kumlilia mtu ambaye hata jina lake sikulijua.

Barabara ya kuingia mjini ilikuwa imejaa magari. Nikapanda boda boda, na hata hivyo nilifika Kibuli alasiri imeshapita. Wageni walikuwa wamemaliza pilau na kuanza kuulizana kama bibi harusi ametoroka. Habuba, bibi yetu mzaa mama, alinisubiri mlangoni, mikono kiunoni. Nikamweleza yote mbio mbio, hata lile la kumkanyaga askari, nikitegemea kofi.

Hakunipiga. Mume wake, babu yetu, naye alikuwa askari. Alizikwa mbali, na hakuna aliyemletea Habuba hata mkanda wake.

"Ulikaa mpaka mwisho?" akaniuliza.

"Nilikaa, Habuba. Lakini kwanza nilitaka kupita."

"Ungefika hapa mapema ningekurudisha Entebbe ukakae," akasema, akanipokonya furushi.

Akawanyamazisha wanawake wote, wakainua mikono wakamwombea yule askari na mama yake. Kisha dada yangu akatoka na gurbaba yake, vigelegele vikapasua nyumba, na wa kwanza kuingia kucheza alikuwa Habuba, na magoti yake yale mabovu. Alicheza mpaka tukambembeleza apumzike, akakataa. Sijaiona tena harusi yenye furaha kama ile.

Basi mwanangu, nakuasa. Wewe ni mtu wa safari, na siku moja utasikia tangazo kama lile ukiwa na shughuli zako zinazokuchoma. Kaa. Simu yako iache mfukoni, si jambo la kupigia picha. Mpe njia anayemsindikiza mwenzake, na jeneza likishuka, simama. Usiseme humjui, hata yeye hakukujua, naye alikwenda. Ukichelewa, watu wako watakuelewa, na wasipokuelewa, waambie waje kwangu.

Mungu akujalie safari nyingi za heri. Akurudishe kila mara ukitembea kwa miguu yako, na mlangoni ukute watu wako wazima, wakikugombeza kwa kuchelewa.