Siku Niliyokataa Karia ya Baiskeli

Mimi hata darasa la pili sikumaliza, lakini mwanzoni mwa miaka ya sabini, pale Magomeni ya Mtwara, ukitaja mtu mwenye lori lake mwenyewe unanitaja mimi. Nilianza kwa kubeba magunia ya korosho kichwani, nikaishia kuyabeba kwa gari. Njia zetu zilikuwa udongo mtupu. Kiangazi mchanga unameza magurudumu, masika tope. Madereva wengine walilala njiani siku tatu. Mimi nilikuwa napita. Nasema kweli, nilikuwa napita.

Masika moja, asubuhi, mdogo wangu alikuja kutoka kijijini kwetu Ziwani kwa baiskeli, amelowa chapachapa. Mama yetu alikuwa amefariki alfajiri.

"Kaka, panda karia twende. Wanazika baada ya adhuhuri."

"Mimi? Nipande karia watu wananiona, na lori langu limesimama hapo?"

"Njia imeoza, kaka. Baiskeli penye tope naibeba begani. Lori utalibeba?"

"Tangulia. Utanikuta nimeshakaa jamvini."

Akanitazama, akaondoka. Nilitaka Ziwani wamwone mtoto wa marehemu anaingia msibani na gari, mchele umejaa nyuma. Tena kwetu mtoto wa kiume wa kwanza ndiye anayeshuka kaburini kumpokea mama yake. Nikajiambia, bila mimi hawaziki.

Bondeni lori likazama mpaka ekseli. Nilikata matawi nikayatandika chini ya matairi, nikachimba kwa jembe, nikatia gia ya kwanza, nikatia ya nyuma. Likazidi kukaa. Hapo ningeliacha nikatembea, bado ningewahi. Sikuliacha. Kila mara nilisema hii ya mwisho, hii ya mwisho, mpaka alasiri ikapita.

Nilifika kwa miguu, magharibi imeshaingia, tope mpaka kiunoni. Mdogo wangu alikuwa anaosha majembe.

"Tulikusubiri sana," alisema, bila kuinua uso. "Maji yakaanza kuingia kaburini. Nikashuka mimi na mjomba."

Nikachukua jembe moja, nikaosha naye.

Sasa nina malori matatu. Watoto wangu wakimuuliza baba yao mdogo ni nani aliyemlaza bibi yao, huwaambia, "Tulishuka wote, mimi na baba yenu." Nami nipo hapo hapo, nasikia. Sijawahi kumsahihisha.