Siku Mtani Aliponiamkia

Siku ya kwanza nilipoingia kazini, katika ofisi yetu ya Isevya, mjini Tabora, tulikuwa watu watatu na sauti moja. Nawataja wote, asije mtu akadai alikuwepo. Alikuwepo Mhandisi Mkuu, Salumu Masudi, ambaye mama yake na mama yangu waliteka maji kisima kimoja. Alikuwepo Petro Kasonta, mwana wa marehemu dada yangu Agnesi, fundi wa kupanda minara; ndiye aliyemwambia Mhandisi kwamba mama yake mdogo ana mikono myepesi. Nilikuwepo mimi, Elizabeti, Mama Yona, mwenye darasa la nne. Ile sauti ilikuwa ya Ndahani, fundi wetu wa Urambo, ikitoka kwenye simu ya Mhandisi. Ndahani ni Mgogo, mimi Mnyamwezi. Kwa hiyo kabla sijaonyeshwa pa kuketi nilikuwa nimeshatukanwa.

"Mmeajiri mpagazi mwingine?" alisema. "Mwambieni akipita Ugogo aje na hongo mkononi."

"Babu yangu alilipa hongo," nikamjibu, "mkampa maji ya chumvi akaharisha mpaka Unyanyembe."

Vijana wa siku hizi utani huo hamuujui. Babu zetu walibeba mizigo kwenda pwani, babu zao wakawatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na ugomvi ule ukaishia kuwa mzaha wa kurithishana. Mtani anakuchokoza msibani na harusini, wala hukasiriki.

Kazi yetu ilikuwa kuunganisha vituo vya afya vya vijijini na hospitali ya mjini kwa mtandao. Mimi nilianza kwa kuvuta waya darini na kubana vichwa vyake. Ndani ya waya mmoja mna nyaya ndogo za rangi rangi, na kila rangi ina nafasi yake. Mhandisi alikuwa akisimama nyuma yangu na kusema, "Mama Yona, rangi haina huruma. Rudia." Nikarudia mpaka vidole vikaota sugu. Baadaye nikapelekwa Ntalikwa, kwenye mnara unaopokea mawimbi ya Urambo na kutuletea Isevya, kumshikia Petro kamba na kufyeka majani, kisha nikarudishwa Isevya kuangalia chumba cha mitambo. Hapo ndipo nilipoijua ruta.

Ruta ni kirangozi, yule aliyetangulia msafara akijua njia panda zote. Picha haisafiri nzima, kwa sababu hakuna mpagazi abebaye tembo mzima. Inakatwa vipande, kila kipande kimeandikwa kinakotoka na kinakokwenda, na hivyo ndivyo viitwavyo pakiti. Ruta inasoma na kuelekeza. Pakiti chache zikianguka, zinaombwa tena. Zikianguka nyingi, picha haifiki. Mhandisi alitufundisha hivi: "Mzigo haupotei njia nzima. Unapotea mahali. Pima kambi kwa kambi mpaka upaone."

Sasa nieleze ile siku. Radi ilikuwa imetuunguzia swichi ya pale Isevya, kile chombo kinachopokea kutoka kwenye ruta na kugawa nyaya za kwenda hospitalini, na Mhandisi alikuwa ameweka mpya. Tangu hapo mtandao wa Urambo ukawa unakohoa. Ndahani akapiga simu akisema, "Mizigo inaangukia kwenu Isevya. Wapagazi mmezeeka." Tukacheka. Mhandisi naye akacheka, akamtuma Petro Ntalikwa akaukaze mnara, maana upepo ulikuwa mkali. Petro alipanda, akakaza, akashuka. Mambo yakabaki vilevile. Ndahani akarudia maneno yale, tukamwambia akanywe maji ya chumvi.

Asubuhi iliyofuata, binti mmoja wa Urambo, Nyamizi, alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akaangukia kichwa. Veronika, muuguzi wa kituo cha huko, akampiga picha ya shingo. Daktari wa mifupa alikuwa huku mjini, na ilikuwa lazima aione kabla binti hajaguswa. Kama mfupa umevunjika, kumtikisa barabarani kungeweza kumpoozesha maisha yake yote. Picha ikatumwa, ikakatika. Ikatumwa tena, ikakatika. Baba yake, Mzee Kapela, alikuwa ameshapata pikapu na ametandika godoro nyuma.

Simu ya ofisini ikalia, nikaipokea.

"Shikamoo, mama," akasema Ndahani.

Miaka yote ile mtani yule hakuwahi kuniamkia.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nimepima kutoka hapa hadi Ntalikwa kwa pakiti kubwa kubwa. Hazipungui. Nikipima hadi hapo mlipo, zinaanguka. Mwambie Mhandisi. Mzee Kapela amewasha gari."

Kwa nyuma nilisikia Veronika akisema, "Baba, ukimnyanyua utambeba hivyo mpaka uzeeni kwako," na binti akilia.

Nikamgeukia Mhandisi aliyekuwa akimpigia Petro arudi mnarani. "Ndahani kaniamkia," nikamwambia.

Mhandisi ni mtoto wa Tabora. Alikata simu ile bila kuaga. "Kakuamkia?"

"Kaniamkia, na anasema ni hapa."

Akavuta kiti mbele ya ruta. "Leo hakuna utani. Kambi kwa kambi."

Akatuma pakiti ndogo, kama mtu abishaye hodi: zote zikaitikiwa. Akatuma kubwa: zikaanza kuanguka. Akaifungua hesabu ya makosa ambayo ruta hujiwekea kwa kila tundu la waya. Tundu la kwenda Ntalikwa lilikuwa safi. Tundu la kwenda kwenye swichi mpya, makosa yalikuwa yakipanda tukiyatazama.

"Badilisha waya," akasema. Nikauchomoa, nikachomeka niliobana upya. Makosa yakaendelea kupanda.

"Basi si waya." Akasoma mipangilio polepole, kidole kwenye kioo. Kisha akashusha pumzi. Ruta ilikuwa imeamriwa zamani iseme na kusikia kwa pamoja bila kuuliza. Swichi mpya ilikuwa ikiuliza kwanza, na ilipokosa jibu ikaamua kupokezana: mmoja aseme, mwingine anyamaze. Salamu fupi zilipita. Mzigo mkubwa ulipokuja, wote wawili walisema kwa pamoja, pakiti zikavunjika mlangoni petu.

Akaziweka zote mbili ziulizane na kupatana. Makosa yakasimama.

"Mwambie atume."

Picha ilifika nzima. Daktari akapiga simu Urambo mwenyewe: mfupa umepasuka, asiguswe mpaka gari la wagonjwa lije na ubao na kola ya shingo. Mzee Kapela akazima pikapu, akaketi chini kando ya kitanda.

Nimestaafu sasa. Magoti yamekataa ngazi, na vijana wanapima mtandao wakiwa vitandani mwao. Ninyi mnaofanya kazi hiyo, msipande mnara kabla hamjatazama mlango wenu. Na mtu wa upande wa pili akikwambia kosa ni kwako, hata akicheka, pima kwanza ndipo ucheke naye.

Majina nina hakika nayo. Mpangilio wa mambo ndio huenda nimeuchanganya, na aliyekuwepo aniambie. Nyamizi mwenyewe ameshaanza kubisha. Alikuja juzi, amejitwika debe la karanga, shingo imenyooka, akasema mimi mwongo, siku ile yeye hakulia hata kidogo. Mimi nilimsikia kwa sikio langu. Veronika, ulikuwa kando yake: sema ni nani anayekumbuka vibaya.