Unga wa Kutoka Mwakitolyo

Kwa miaka kumi na sita Justa alikuwa mfinyanzi pale Ibadakuli, na katika miaka yote hiyo kitu kimoja tu ndicho kilichomshinda: kutuama.

Vyungu vya kupikia, alivyofundishwa na mama yake, havikumsumbua. Vilichomwa kwa majani na samadi, vikatoka vyekundu, basi. Kilichomsumbua ni maji ya kioo, ule uji mwembamba ambao bakuli huchovywa ndani yake kabla ya kuchomwa mara ya pili, ili ikitoka tanurini ing'ae na isivuje. Alijifunza kazi hiyo kwenye karakana ya watawa, akarudi nyumbani akajenga tanuri lake la matofali nyuma ya zizi la mumewe, Bujiku. Uji wenyewe ulikuwa wa majivu ya miti ya pamba, majivu ya pumba za mpunga, na jiwe jeupe lililosagwa. Vyote vizito kuliko maji. Ukikoroga, ukageuka kujifunga kanga yako vizuri, jiwe limeshashuka. Ukiacha mpaka asubuhi, limeganda chini ya ndoo kama saruji.

Aliwahi kutia magadi. Uji ukawa mwepesi, akafurahi, kumbe kesho yake sehemu ya chini imekuwa ngumu kuliko mwanzo, mwiko ukamvunjikia mkononi. Akajaribu udongo mweusi wa mbugani, ule unaonasa magurudumu wakati wa masika: aliuloweka siku mbili, akauchuja kwa kitambaa cha nailoni, akatia kiganja kimoja kwa kila ndoo. Huo ulisaidia. Chumvi ya haluli kutoka duka la dawa, kijiko kimoja kilichoyeyushwa kwenye maji ya moto, ikasaidia zaidi. Lakini jiwe lake alilitwanga kwa mchi, likabaki chengachenga, na chenga hazina subira. Zinashuka tu.

Ndipo Amira, mama mwenye hoteli ya chakula kule Chato, karibu na mwalo wa wavuvi, alipoagiza bakuli za hoteli nzima. Tanuri la kwanza lilitoka bure. Bakuli zilizochovywa mapema ziling'aa, zilizochovywa baadaye zikatoka na vipara, kavu kama vigae.

Shemeji yake, Sostenes, mdogo wa Bujiku, alikuja kuwasalimia wiki hiyo akazikuta zimepangwa ukutani. Yeye alikuwa akifanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huko Mwakitolyo.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, Sosi. Tazama balaa hili."

Alisikiliza, akacheka. "Unatwanga jiwe kwa mkono wakati sisi tunalisaga mpaka linakuwa unga wa mtoto? Nitakuletea."

"Lisiwe limepita kwenye zebaki."

"Aa, shemeji. Hilo nitachukua kabla halijaoshwa."

Alileta viroba vitatu, vibichi bado, vya rangi ya kijivu. Mwahija, jirani yake mjane aliyekuwa akimsaidia kazi kwa mgao wa nusu kwa nusu, aliukausha unga huo ndani ya banda, kwenye karai juu ya jiko la mkaa, kwa kuwa nje kulikuwa na upepo wa vumbi. Alikausha siku nne. Akapepeta, akachekecha, akakoroga kwa mkono mtupu hadi kwenye kiwiko.

Justa hakuyaamini macho yake. Alikoroga ndoo asubuhi, akaenda sokoni, akarudi, uji ulikuwa umesimama palepale, mzito kama maziwa ya mgando. Alichovya kidole, akautazama ukucha wake ukionekana kwa mbali chini ya ule uji, kama watawa walivyomfundisha kupima. Kesho yake ulikuwa bado umesimama. Alicheka peke yake bandani.

Bakuli zilitoka na rangi ya kijani kibichi ambayo hakuwahi kuipata. Amira alipotumiwa picha alipiga simu papo hapo. Tanuri zima, ila bakuli moja ya kumbukumbu, likafungashwa kwenye mabua, likapakiwa kwenye basi la Chato.

Kuku watatu walikufa wiki hiyo. Walikuwa wakilala juu ya boriti ya banda. Bujiku akasema ni kideri, na Justa akakubali, kwa kuwa kideri hakiishi.

Kisha Mwahija, ambaye humwita Justa kwa jina la mwanawe, akaanza kulalamika kuhusu chai.

"Mama Nelly, majani haya ya chai yameharibika? Mdomo wangu kama nimelamba msumari."

"Mimi naona sawa."

"Basi ni mimi."

Akakohoa. Alikohoa siku ile na siku iliyofuata, kikohozi kikavu kisicho na makohozi. Siku ya tatu alipokuwa akichochea tanuri, Justa aliona ufito wa kuchochea ukigongagonga tofali: ta, ta, ta, ta. Akadhani anafanya makusudi. Akamwangalia mkono. Mwahija naye alikuwa akiuangalia, kama mkono wa mtu mwingine.

"Umeanza lini?"

"Juzi. Fizi nazo zinatoka damu." Akajaribu kutabasamu, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Justa akamwambia aende akapumzike. Akaingia bandani peke yake, akamimina ndoo ya uji kwenye beseni, polepole, mpaka ukabaki uji wa chini kabisa. Hakukuwa na kilichoganda. Aliinamisha ndoo kwenye mwanga wa mlangoni, na pale kwenye pembe ya chini kitu kikakimbia. Akainamisha upande wa pili, kikarudi. Tone la fedha, dogo kama punje ya uwele, likakutana na jingine, yakawa moja.

Hakuligusa. Mtu yeyote aliyekulia ukanda ule analijua. Alikaa chini pale pale mlangoni, na maneno ya shemeji yake yakamrudia: kabla halijaoshwa. Nani duniani anagawa bure jiwe ambalo bado lina dhahabu yake?

Alimpigia Sostenes. Sauti ya karasha ilisikika nyuma yake.

"Sosi, ule unga ulitoka wapi?"

"Shemeji, network mbaya."

"Ulitoka kwenye shimo la kuoshea. Ni marudio, mabaki ya mawe yaliyokwisha oshwa kwa zebaki. Umeniletea zebaki nyumbani."

"Nilijua itakuwa kidogo tu. Sisi tunaishika kila siku, mbona tuko hai?"

"Njoo umwone Mwahija, umwambie hivyo usoni."

Hakuja.

Walimpeleka Mwahija hospitali kwa bodaboda, Justa akiwa amempakata katikati ili asianguke. Daktari aliuliza kazi yake. Justa ndiye aliyejibu. Alieleza karai, jiko, siku nne, na kwamba ni yeye Justa aliyemwambia Mwahija afunge mlango ili vumbi lisiingie. Daktari aliacha kuandika, akamtazama, akaendelea kuandika. Akampa Justa barua ya kuomba vipimo, na yeye akapeleka barua hiyo, pamoja na ile bakuli aliyoibakiza, kwa mtaalamu wa maabara ya madini.

"Zebaki nyingi imeondoka na moto," yule mtaalamu alimwambia siku aliyofuata majibu. "Ndiyo aliyoivuta mwenzako. Lakini mawe haya yana madini ya risasi ndani yake, nayo yamebaki kwenye hiki kioo cha juu. Kitu kichachu kitayatoa kidogo kidogo. Watu wanakula nini humo?"

Justa alipanda basi la Chato kesho yake alfajiri.

Alimkuta Amira akihudumia wateja wa mchana. Kwenye meza ya kwanza wavuvi wawili walikuwa wanakunywa mtindi, na bakuli zilikuwa zile za kijani, nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kufinyanga.

"Zikusanye zote, mama," alisema akiwa bado amesimama. "Zina sumu. Nimeitia mimi."

Amira alimvuta jikoni. "Unataka kuniua biashara? Ungesema kwa sauti ya chini."

"Nimesema kwa sauti niliyokuwa nayo."

Waligombana. Mwishowe Amira alizitoa, moja moja, akizibwaga kwenye gunia hivi kwamba nyingine zilivunjika humo humo. Lakini hazikutimia. Baadhi alikuwa ameziuza kwa abiria wa Biharamulo waliozipenda; mwingine alichukua seti ya kumpelekea binti yake aliyejifungua. Hakuwajua majina.

"Wa kwenda Biharamulo wako wengi," Amira alisema, sasa kwa sauti ya chini kweli.

Mwahija alitoka hospitali baada ya majuma matano. Kikohozi kiliisha. Mkono haukuisha kutetemeka. Hakumlaumu Justa, na hilo lilikuwa zito zaidi. Anakaa barazani kwake, na akitaka kunywa maji anashika kikombe kwa mikono miwili.

Viroba vilivyobaki, udongo wa bandani na vigae vya Chato vyote vimefungiwa kwenye pipa la chuma. Justa ameandika SUMU kwa rangi nyekundu pande zote. Ameuliza ofisi mbili pipa lipelekwe wapi. Moja ilimwambia aulize ya pili.

Hajafinyanga tena. Kinachomlaza macho si pipa. Ni maji aliyokuwa akisuuzia ndoo na nailoni wiki zote zile, na kuyamwaga nyuma ya tanuri, pale ardhi inapoteremka kuelekea lambo, bwawa la kijiji. Amekwenda nyumba kwa nyumba kulisema hilo. Wengine wamemshukuru, "Wabeja, mayu." Wengine wamefunga mlango. Lakini lambo ni moja, na kiangazi hiki visima vimekauka, kwa hiyo wanawake wanapita mbele ya nyumba yake na ndoo kichwani kama siku zote, ila sasa hawamsalimii.

Jana Bujiku alirudi na ng'ombe kutoka lamboni, akasimama uani bila kuvua kofia.

"Yule ndama mweupe," alisema. "Hataki kunyonya."

Kusini, upande wa lambo, mawingu ya kwanza ya mwaka yalikuwa yamejaa, na mvua ikinyesha itapita kwanza nyuma ya tanuri.