Friza Iliyozimwa Kila Alhamisi

Saa moja na robo asubuhi, jua la Dubai limeshakasirika. Ndani ya maabara moja ya utafiti huko Dubai Investments Park, Damaris Kemunto ameketi mbele ya ndoo ya barafu, koti jeupe mwilini, glavu mikononi. Anavuta tone kutoka kichupa kimoja, analitia katika kichupa kidogo zaidi, anafunga, anaandika tarehe.

"Usiniongeleshe hadi nifike ishirini na tano," anamwonya mwandishi. "Nikipoteza hesabu, mwenzangu Alfred atanicheka mpaka jioni."

Anachogawa ni kingamwili, dawa ya kupimia inayotafuta protini moja tu ya binadamu: ile inayozishikanisha seli zisiachane. Ikiikuta katika kipande cha nyama ya mgonjwa, kingo za seli hugeuka kahawia. Katika baadhi ya saratani protini hiyo hupungua, seli zikaanza kutangatanga. Ndiyo maana rangi isipotokea, watafiti hutaka kuwa na hakika kwamba kosa si la dawa.

Kichupa kimoja ni dirhamu 1,600. Damaris alipoanza hapa mwaka 2014 kama msafishaji, mshahara wake ulikuwa 1,200.

Ana miaka 29, mzaliwa wa Nyamira, Kenya. Mama yake ana kibanda cha maziwa na mafuta ya kupima, na kwa usafi hana mchezo. "Friji ikiota barafu, unaizima, unakwangua, unapanguza. Kwa mama, uchafu ni dhambi kamili," anasema.

Basi naye huko Dubai akafanya kama alivyolelewa. Kila Alhamisi, siku ya mwisho ya kazi kwa wiki, alifika kabla ya wenzake, akatoa kila kitu cha friza juu ya meza, akaizima, akakwangua, akapanguza, akarudisha. Ikang'aa. "Hata picha nilimtumia mama," anasema, na kucheka mpaka anaweka kichupa chini.

Hakujua kwamba kingamwili ile kila ikiyeyuka na kugandishwa tena hupungua nguvu. Hakuna aliyemwambia.

Januari 2016, miezi michache baada ya kingamwili ile kununuliwa, rangi ikaanza kufifia. Kufika Machi haikuonekana kabisa, hata kwenye kipande ambacho protini ilijulikana imo. Alfred, fundi wa maabara kutoka Uganda, akamshuku muuzaji. Mkuu wa maabara, Dokta Masuda Khelef, mzaliwa wa Bur Dubai katika familia ya Kizanzibari, akaanza kuandika barua kali ya malalamiko.

Damaris alikuwa anamwaga takataka alipomsikia Alfred akisema, "Labda waliiacha ikayeyuka njiani."

"Niliweka ndoo ya takataka chini," anasema. "Nilijua ni mimi. Visa yangu ni ya kampuni. Nikifutwa, narudi nyumbani, na karo ya ndugu yangu nalipa mimi."

Wikendi nzima aliwaza. Angenyamaza tu, lawama ingekwenda kwa mtu mwingine na asingejulikana. Jumapili asubuhi akabisha mlango wa dokta. "Madam, usiitume hiyo barua. Friza nilikuwa naizima mimi."

Dokta Masuda hafichi kwamba alikasirika. "Kazi ya miezi mitatu imekwenda na maji! Lakini nikamwambia, hebu kaa kitako. Mficha uchi hazai, na huyu hakuficha. Kisha nikajiuliza, nani alimfundisha friza ile? Hata mmoja. Kosa letu sote."

Dokta akamuuliza Damaris yeye angefanyaje. Damaris akaeleza kwamba mama yake hafungui mtungi wa mafuta kwa kila mteja. Asubuhi huyagawa kwenye chupa ndogo, na mtungi hauguswi tena. Kwa nini dawa mpya isigawiwe hivyo, kila siku ya kupima na kichupa chake?

Alfred anakiri aliinamisha kichwa. "Karatasi inayokuja na dawa inasema hivyo hivyo. Sisi wasomi tulikuwa wavivu tu."

Barua ikachanwa. Dawa mpya ilipofika, Damaris aliigawa kwa mkono wake, Alfred akisimamia. Siku nne baadaye dokta akamwita: "Yalla, Damaris, njoo uangalie."

Alikuwa ameipanguza darubini ya maabara miaka miwili bila kuchungulia ndani yake hata siku moja. Aliinama, akaona mistari ya kahawia imezunguka kila seli, moja imeshikamana na nyingine. Alilia kwa furaha, na hana haya kulisema.

Leo yeye ndiye mtunza friza, kwa dirhamu 2,100, na siku ya kukwangua barafu vichupa vyote huhamia friza ya pili. Jioni, kwenye chumba anachokaa na wenzake watatu, anasoma kemia ya sekondari upya. Mwaka 2018 anakusudia kurudi Kenya kusomea stashahada ya maabara, na Dokta Masuda ameahidi kumwandikia barua ya kumpendekeza.

"Shangazi yangu alingoja majibu ya saratani wiki saba," anasema. "Nataka Nyamira kuwe na mtu wa kusoma vioo vya darubini, na asiyeogopa kusema akikosea. Mtihani wa kusema nimekosea nimeshaupita. Imebaki kemia."