Ngoja Ishike

Nakumbuka Jumamosi moja kule Njoro kwa Guka, babu yetu, siku ambayo gari yake ilikaribia kuuzwa skrapu, yaani chuma chakavu, na yeye mwenyewe amekaa ndani. Wewe, Ken mdogo wangu, ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, unajua, hata kanisani nikiitwa kusoma nampa mwingine kitabu. Kwa hiyo nakuandikia hapa. Utasoma siku utakayotaka usukani, na utautaka, nakujua.

Guka aliendesha lori la maziwa miaka mingi. Alipostaafu alinunua gari ndogo ya otomatiki, kuukuu. Kila aliyeiendesha alisikia neno moja. Ukitoa gia kwenye P ya kuegesha ukaweka D ya kwenda mbele, kabla hujakanyaga mafuta, Guka alikugusa mkono: "Ngoja ishike." Anko Ndung'u, mtoto wake wa mwisho, hakulipenda neno hilo. Yeye alikuwa anakanyaga tu.

Halafu Guka akapatwa na kiharusi. Mguu ulirudi kidogo, lakini mdomo haukurudi vizuri. Alijua anachotaka kusema, ungekiona machoni, ila neno lilichelewa. Na sisi, kwa huruma au kwa haraka, sijui, tukaanza kumalizia sentensi zake. Akitaka chumvi anapewa maji. Mwishowe akawa ananyamaza mpaka jioni.

Gari nayo ikaanza kusumbua. Unaweka D, inakaa kimya, halafu inashtuka kama mtu aliyeamshwa kwa kofi. Kwenye mlima injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki. Anko akaleta fundi kutoka Rhonda pamoja na mtu wa skrapu, wote kwa safari moja. Walimkuta Guka ameshaingia kiti cha abiria, koti amevaa, akidhani anapelekwa kliniki Nakuru.

Fundi akaiwasha, akajaribu gia mara mbili tatu. "Giaboksi imeisha, boss."

Anko akacheka. "Gari na mwenyewe, wote gia hazishiki."

Guka alisikia. Masikio yake hayakuwa na shida. Akafungua mdomo. "Ba... ba..."

"Basi?" Anko akadakia. "Ndiyo mzee, basi, tumalize."

Akatikisa kichwa. "Ba..."

"Barabara? Kliniki utaenda na boda."

Ndipo Shosho, nyanya yetu, akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku hiyo hakupaza. "Ndung'u, huyu ndiye alikufundisha kuongea. Hakuwa anakumalizia maneno. Ngoja ishike."

Tukangoja. Kuku wakapita. Mtu wa skrapu akatoa simu, akairudisha mfukoni.

"Baridi," Guka akasema. Akapumua. "Au... moto?"

Fundi akamwangalia. "Hapo umenishika, mzee. Nimeijaribu ikiwa baridi tu."

Wakaiendesha huku na huku mpaka ikapata moto, na ndipo kuchelewa kukazidi. Wakaisimamisha kwenye sementi ya uani, mahali pa sawasawa. Injini ikiwa inanguruma, fundi akapitisha gia zote taratibu, akarudi P, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia, akakipangusa, akakitumbukiza tena. Mafuta yalikuwa chini ya alama, meusi, yananuka kuungua. Huko chini mpira mmoja wa kuzibia mafuta ulikuwa unavuja. Ukabadilishwa, yakawekwa mafuta ya aina ambayo gari ile inataka, si yoyote tu. Haikupona kabisa. Fundi alisema kuungua kulikuwa kumeshaingia ndani. Lakini ukiingoja, ilishika.

Ilimpeleka Guka kliniki mpaka akawa hahitaji tena kupelekwa.

Siku yake ya mwisho nilikuwa kando ya kitanda. Alinishika mkono akasema, "Wa..." Wambui ni jina langu. Pia lipo neno "wajukuu". Lipo "wacha". Sikumchagulia. Nilingoja mpaka Shosho akaja, akamfumba macho. Neno halikushika.

Sasa sikiza, Ken. Gari ikichelewa kubadilisha gia, usiilazimishe kwa kukanyaga mafuta. Uliza inasumbua ikiwa baridi au ikiwa moto. Ipashe moto, iweke mahali pa sawasawa, angalia mafuta ya gia, yanuse, chungulia chini kama inavuja. Fundi akikwambia imekufa kabla hajakuuliza inaumwa saa ngapi, mshukuru uende kwa mwingine. Na mtu ambaye neno lake linachelewa, usimuwekee lako. Mimi bado sijui Guka alitaka kusema nini, na hiyo nafasi nimeiacha wazi hivyo hivyo. Inauma, lakini ni yake.

Nenda salama katika kila barabara, mdogo wangu. Na siku neno lako litakapochelewa, Mungu akupe mtu wa kukungojea.