Kapteni Aliyefuata Rangi

Koti langu la pinki lina makelele. Ndivyo wanavyosema kwenye chama chetu cha kupanda mlima hapa Daejeon, Korea Kusini. "Mama Surim, leo umekuja kupanda mlima au kuolewa?" Nacheka nao. Ningewajibu nini? Kwamba mume wangu, Tak Gibong, kapteni wao, haoni tena kitu ila rangi kali iliyo mbele ya pua yake?

Macho yake yalianza kujifunga pembeni, kidogo kidogo, baada ya kustaafu kazi ya kiwanda cha matairi. Daktari alisema yataendelea kujifunga na hayatarudi. Siku hiyo tulirudi nyumbani. Akavua viatu, akakaa sakafuni na koti lake mwilini, akasema, "Mama Surim, watu wa mlimani wasijue."

"Hata Myeong?" Huyo Myeong ndiye msaidizi wake. Ana wajukuu, lakini kwetu sisi bado kijana.

"Huyo ndiye kabisa asijue! Akijua leo, kesho wataniweka na wale wanaozunguka bustani na fimbo."

Msimcheke. Mwanamume huyu hana kitu kingine. Karata hachezi, kanisani haendi, rafiki zake wa kiwandani wamekufa au wamehamia kwa watoto. Yeye ana Jumamosi za mlimani tu. Jumatatu tayari anapaka viatu mafuta. Basi nikakubali. Nikanunua koti la pinki, nikawa natangulia, naye nyuma yangu anajifanya ananifundisha: "Kushoto, wewe! Taratibu, hapo kuna mizizi." Njia zote anazo kichwani. Watu wakaona ni mapenzi ya uzeeni. Mimi kila Jumamosi roho juu, tangu ngazi ya kwanza mpaka tunaporudi kwenye maegesho ya magari.

Kisha akaja binti Pyo Yeonhui wa chuo kikuu. Alikuwa anachunguza kwa nini wazee wanapanda milima kwa makundi, na nani humtegemea nani. Binti hana maringo. Alipanda nasi tangu miti ilipochipua, akila matango yetu kileleni, akihema kuliko sisi. Alimwita kila mtu pembeni akamuuliza mambo mengi, na swali moja silisahau: "Ukungu ukishuka ghafla, ungemfuata nani?"

Ningedanganya? Nikasema, "Myeong."

Alinitazama kidogo, akaendelea na swali lingine.

Vuli ilipoingia, majani yakaanza kubadilika rangi, akatukusanya kwenye mgahawa wa tofu ya soya chini ya mlima atueleze aliyoyapata. Hakutaja mtu kwa jina. Alisema tu kwamba wanachama wote wangemfuata kapteni, isipokuwa mmoja.

Ee, kelele zilizozuka! Watu walipiga meza, pombe ya mchele ikamwagika. "Msaliti nani? Asimame anunue raundi!" Myeong akaapa kwa mama yake mzazi kwamba si yeye. Mimi nilitafuna tofu kama sijasikia. Baba Surim alikuwa anacheka, meno yote nje, halafu akanigeuzia uso na kicheko kikamkauka.

"Ni wewe," aliniambia nyumbani.

"Ni mimi. Ulitaka nimdanganye mtoto wa watu?"

"Yaani mke wangu mwenyewe ananidhalilisha mbele ya chama!"

"Nani kakudhalilisha? Jina langu limetajwa? Gibong, hayo macho yako..."

"Usiyataje macho!"

Akalala ameuelekea ukuta. Wiki nzima alininunia, na wiki nzima mimi nilikosa usingizi, kwa sababu Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa ya majani mekundu, wakati nusu ya nchi iko mlimani. Na chama, kwa furaha ya yale matokeo, kilikuwa kimealika wageni waje kupanda na kapteni anayeaminiwa kuliko wote.

Jumamosi asubuhi, kwenye lango la mlima, aliniinamia sikioni. "Leo kaa nyuma kabisa, na Myeong wako."

"Utaanguka, baba."

"Njia naijua."

Nilifungua mdomo niseme mbele ya wote. Nikamwona alivyosimama kifua mbele, wageni wamemzunguka, nikaufunga, nikarudi nyuma.

Sasa lile koti. Nililinunua kwenye punguzo, na kumbe nusu ya wanawake wa Daejeon walikuwa dukani siku ileile. Nilipoinua macho kwenye ngazi, mlima mzima ulikuwa pinki. Presha ikanipanda. Nikaanza kupenya: "Samahani dada, nipishe, nipishe!"

"We mama, kileleni kuna harusi?" mtu akanitania. Niliendelea kupenya.

Nilimwona kwa mbali. Alikuwa amemganda mwanamke mmoja mwenye koti kama langu. Kwenye kona, yule mwanamke akaangaza huku na huku, akavuka kamba ya pembeni, akaingia vichakani. Gibong naye akavuka. Na nyuma yake wote wakavuka, wageni na binti Pyo pamoja nao, maana kapteni ndiye anayepita.

"We mzee!" sauti ya mwanamke ikalia. "Hata kwenye haja unanifuata? Na ukoo mzima umekuja nao!"

Watu walivunjika mbavu. Nami nilikuwa nimefika kwenye kamba niliposikia mume wangu akisema kwa sauti yake ya kila siku, "Mama Surim, nilijua hutakaa nyuma. Mbona umesimama? Twende." Akamnyooshea mkono.

Kicheko kikakatika. Yule mwanamke, suruali ameishika kwa mikono miwili, alimtazama usoni, kisha miguuni.

"Usisogee," alisema. "Mzee wangu, nakuomba, usisogee."

Nyuma ya kile kichaka mlima uliishia hapo hapo, chini ni korongo. Niliwasukuma watu, nikakamata mkoba wa Gibong mgongoni, nikavuta mpaka tukaanguka wote wawili kwenye majani.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Na yule?"

"Mke wa watu."

Aliketi kwenye majani. Kisha akapaza ile sauti yake ya ukapteni. "Sioni. Mwaka wa pili huu sioni. Leo ningewatumbukiza wote humo."

Myeong alikuja kumpokea mkoba. Gibong akampa.

Tuliposhuka aliniwekea mkono begani, mbele ya watu, yeye ambaye hata siku ya harusi yetu hakunigusa watu wakitazama. Walitufuata polepole na hakuna aliyetupita.

"Unaogopa?" aliniuliza.

"Naogopa sana."

"Hivi ndivyo ulivyokuwa kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

Vidole vyake vilinibana begani, nikamsikia analia. Ngazi zilikuwa bado nyingi, nami sikuweza kugeuka.